Mkanda wa Mamamkwe

Dunia ina watu wa kila namna. Kuna waliozaliwa kuimba, kuna waliozaliwa kulipa faini, na kuna waliozaliwa kufunga vitu. Huyu alikuwa wa kundi la tatu. Akifunga mzigo, mwenye mzigo hutafuta kisu. Akifunga kamba za viatu vyake, kuna hatari ya kulala navyo. Ndiyo maana pale kituo cha utafiti wa bahari hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Fundo, na yeye aliitika kwa uso mkavu, kama mtu aliyetunukiwa cheo.

Fundo alikuwa na shahada yake, imetundikwa sebuleni karibu na kalenda, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye mikanda. Yeye ndiye aliyetengeneza mikanda ya kuwavisha nguva ili wafuatiliwe. Mkanda huvishwa pale mkia unapokuwa mwembamba. Kutoka kwenye mkanda hutoka kamba ndefu kiasi, na mwisho wa kamba kuna boya lenye antena. Kila boya likielea juu ya maji hutuma ishara kwenye setilaiti, na ofisini kwenye kompyuta inatokea nukta nyekundu. Nguva akizama kula majani ya baharini, boya huvutwa chini na ishara hukatika. Akipanda kuvuta pumzi, nukta hurudi.

Na kati ya mkanda na kamba kuna kipande kidogo cha uzi, kiungo cha kukatika. Kamba ikinasa popote, kipande hicho kinakatika, boya linabaki, mnyama anakwenda zake. Ndicho kitu pekee pale kituoni kilichoajiriwa ili kishindwe, na kilikuwa kinaifanya kazi yake vizuri mno. Nguva wawili walikwisha kuvishwa mikanda, na wote wawili walikwisha kuiacha kamba kwenye miamba.

"Fundo," Nahodha, mwendesha boti wa kituo, alimuuliza mbele za watu, "siku hizi unafunga au unaazimisha?"

Kila mtu alicheka isipokuwa Fundo. Profesa, mama mwembamba mwenye kofia pana kuliko mwavuli, ambaye ndiye mkuu wa kituo, hakuona sababu ya kuhuzunika. "Boya likibaki peke yake, shukuruni," alisema. "Maana yake mnyama alinasa, akanasuka. Boya tutatafuta jingine."

Kisha akaonekana Mamamkwe.

Jina hilo alipewa na Nahodha. Alisema nguva yule ni mnene, anakuja bila taarifa, anakula mchana kutwa, na ukimsogelea anakutazama kana kwamba ulimwahidi kitu na hukukitimiza. Alikuwa jike, mzee kidogo, na tumbo lake lilionyesha wazi kwamba ana mimba. Katika ghuba nzima nguva walikuwa wamebaki wa kuhesabika, na hakuna aliyejua wanazalia wapi. Profesa alilitafuta jibu hilo miaka mingi. Mahali pakijulikana, alisema, tutawaomba wavuvi wapaache, basi, hatuhitaji zaidi. Kwa hiyo safari hii hapakuwa na nafasi ya kumpoteza. Mamamkwe akikata kamba kabla ya kujifungua, siri anaondoka nayo.

Hilo ndilo lililomnyima Fundo raha. Jioni moja alikaa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, ambako mkewe alishona sare za shule, akavuta ile cherehani nzito ya pembeni.

"Uzi huo ni wa mikanda ya mabegi," mkewe alisema bila kuinua kichwa. "Unashona nini?"

"Kiungo."

"Kile cha kukatika?"

"Hicho hicho."

Mkewe akasimamisha mguu. "Baba watoto, uzi huo hata mtoto akining'inia haukatiki. Hicho kiungo kitakatikaje?"

"Kitakatika akitumia nguvu. Nimeongeza kidogo tu, asije akatupotea njiani."

"Kidogo," mkewe alisema, akaanza kukanyaga tena. "Haya. Mimi nashona kaptula, wewe unashona bahari. Ila mtu akikwambia husikii."

Fundo akacheka, akaukata uzi kwa meno. Hakumwambia Profesa. Hakuwa na nia mbaya. Alijua tu kwamba angekatazwa, na mtu haombi ruhusa ya jambo analojua atakatazwa. Kanuni hiyo kila aliyewahi kulala bwenini anaifahamu.

Walimpata Mamamkwe kwenye maji ya kiunoni. Nahodha alimfuata polepole kwa boti, Profesa akanyoosha mkono, na Fundo akaruka na nguo zake zote.

"Mkumbatie mama yako mkwe!" Nahodha alipiga kelele. "Mpe na salamu za nyumbani!"

Fundo alikumbatia ule mkia kwa mikono miwili huku akimeza maji ya chumvi. Ngozi ilikuwa nene na baridi, yenye vinyweleo vichache vichache kama kidevu cha babu. Profesa na msaidizi wake wakavisha mkanda. Mnyama alivuta pumzi moja nzito, pua zikafunguka na kujifunga kama vifuniko viwili, akajinyoosha, akaenda. Boya likamfuata nyuma likirukaruka.

Majuma yaliyofuata, nukta nyekundu ndiyo iliyokuwa habari ya kituo. Mtu akiingia ofisini hakuuliza watu hali, aliuliza, "Mama kaamkaje?" Mama alikuwa anakwenda kusini. Alipita miamba ile ile iliyowashinda wenzake wawili, na boya halikubaki. Mwisho akaingia kwenye kidimbwi kipana nyuma ya mwamba, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufikiria kutazama, akatulia.

Walikwenda, wakasimamisha boti mbali, wakapokezana darubini. Kando ya kichwa kikubwa kiliibuka kichwa kidogo, kikapumua, kikazama kwa haraka kama kimeona aibu.

"Shemeji kazaliwa!" Nahodha alinong'ona, na kwa mtu kama yeye kunong'ona ilikuwa adhabu. "Jamani, shemeji yetu huyo. Na tumekuja mikono mitupu!"

Profesa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Fundo," alisema, "kazi yako hii."

Hapo ndipo angeweza kusema. Lakini siku ile kila mtu alikuwa na furaha, na uzi ulikuwa umeshikilia. Akatabasamu.

Asubuhi moja, siku chache tu baadaye, Fundo aliwahi kazini kuliko wote. Kwenye kompyuta alikuta ishara nzuri ambazo hajawahi kuziona. Hazikukatika hata mara moja. Nukta ilikuwa imesimama pale pale, safi, kali, moja juu ya nyingine. Profesa alipoingia, akamwita kabla hajatua hata mkoba.

"Njoo uone! Antena inafanya kazi ajabu. Usiku kucha haikupotea."

Profesa akainama mbele ya kioo cha kompyuta. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mnyama anayezama kula, ishara yake inakatika, Fundo."

Fundo alijua jambo hilo kuliko jina la mama yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi. Lakini alikuwa ametazama ishara kama mtu anayetazama kazi ya mikono yake, akasahau kwamba mwisho wa kamba kuna kiumbe kinachopaswa kuzama. Alitoka mbio kuelekea kwenye boti.

Boya walilikuta limekwama katikati ya maboya mengine, ya wavu uliochakaa na kuota mwani. Wavu ulining'inia majini bila mwenyewe. Kamba ilikuwa imejizungusha humo mara nyingi. Kila mzunguko ulionyesha Mamamkwe aligeukia wapi akitafuta njia. Alikuwa chini ya wavu, mkia ukiwa juu, amekufa maji. Kiungo kilikuwa kizima, hakijachanika hata uzi mmoja.

Mtoto alikuwa pale. Alikuwa akisukuma pua kwenye kwapa la mama yake, mahali pa kunyonyea, anapanda kupumua, anarudi, anasukuma tena.

Fundo akakata kamba kwa kisu. Mkono wake ulifika kwenye kiungo kabla ya macho ya wenzake, akakikata nacho, akakitia mfukoni. Hakuna aliyeona.

"Usiwashe mashine," Profesa alimwambia Nahodha. "Inaweza kumkata mdogo."

Basi wakamfunga mama ubavuni mwa boti, wakashika makasia, na wakapiga kasia mpaka viganja vikachubuka, huku jua likiwawakia utosini. Hakuna aliyetania. Nyuma yao, karibu na ule mwili mkubwa, kichwa kidogo kiliibuka, kikazama, kikaibuka.

Ufukweni mbele ya kituo watu walikwisha kukusanyika. Mwili ulivutwa mchangani ili upimwe. Mtoto akabaki majini, akazunguka mara mbili tatu, halafu akajibana chini ya boti, mgongo wake umegusa ubao. Alikuwa ametafuta kitu kikubwa kilicho karibu, akakipata. Fundo akaingia majini hadi kifuani akasimama naye.

Kijana mmoja alipenya katikati ya watu, akauona wavu waliokuja nao, umetupwa mchangani, akapiga magoti. Alikuwa mdogo wake Nahodha, mvuvi.

"Ni wangu," alisema. "Upepo uliuchukua. Niliutafuta, nikakata tamaa."

"Ulimwambia nani?" Profesa aliuliza. "Unapoteza wavu baharini, unakwenda kulala?"

"Nilimwambia kaka."

Macho yote yakamgeukia Nahodha. "Aliniambia," alisema yule bingwa wa maneno. "Tulitafuta wote. Hatukuuona."

"Ninyi wawili mmemuua," Profesa alisema. "Mmeua na huyo mdogo vilevile. Nitakwenda kulisema mbele ya wavuvi wote, na kila mtu ataona kama..."

"Profesa."

Fundo hakutoka majini. Aliinua mkono tu, na kiganjani palikuwa na kile kipande cha uzi.

"Kiungo hakikukatika. Niliweka uzi wa mabegi. Nilikishona nyumbani kwa mkono wangu. Kingekuwa kile cha siku zote, wavu ungebaki na boya, na yeye angekuwa kule anakula."

Kwenye maji mtoto alivuta pumzi. Ilisikika kama mtu anayepuliza chai ya moto.

"Ulijua kile kiungo kipo kwa sababu gani?" Profesa akauliza.

"Nilijua."

"Afadhali ungekuwa hujui," alisema, akageuka, akaenda kuendelea kumpima Mamamkwe. Hakumtazama tena siku hiyo.

Nahodha ndiye aliyemjia, akiwa na maji magotini. "Umeniacha nimtazame mdogo wangu amepiga magoti," alisema. "Ulikuwa nacho mfukoni, ukaniacha nitazame." Akamshika mdogo wake bega, wakaondoka.

Daktari wa mifugo alikuja na chupa na maziwa ya unga. Alikuwa amezoea ndama na mbuzi, na alikiri kwamba mteja wa namna hii hajawahi kumpata. Mtoto alikataa chupa. Aligeuza uso, akarudi chini ya boti kujisugua kwenye ubao, akitafuta kwapa ambalo mbao hazina.

Kesho yake mkewe Fundo alifika ufukweni. Hakusema "nilikwambia." Alikuwa na haki ya kulisema, na haki hiyo huwa haiishi muda wake, lakini aliikunja akaiweka. Alikuwa ameshona kifuko cha ngozi laini cha kuvalisha chupa. Alikunja gauni, akaingia majini naye, akasimama upande wa pili wa boti.

"Mwingizie chini ya ubao," alisema, "asione chupa. Adhani ni boti."

Mtoto alinyonya. Si sana, mafundo machache, akaachia. Mkewe alimtazama mumewe juu ya ule mgongo mdogo, na kwa muda mfupi wote wawili walithubutu kutumaini. Kituo kizima kilithubutu. Boti haikutoka tena. Safari zote zilisimama ili lisiondolewe paa la yatima. Nahodha alikuwa anakuja, anakaa mchangani mbali kidogo, haongei na mtu, anaondoka.

Lakini maziwa ya unga si maziwa ya nguva. Mtoto alianza kupanda polepole, kisha mara chache. Mchana mmoja, wakati Fundo amemweka kiganja mgongoni, alipanda akavuta pumzi, akashuka akagusa ubao, na hakupanda tena. Fundo alingoja. Alimwinua yeye mwenyewe juu ya maji, akamshika hivyo kwa muda mrefu, kama mtu anayemnyanyua mtoto aone gwaride, mpaka mkewe akamwondolea mikononi.

Profesa alimwita ofisini baadaye. Hakumfukuza. Alimwambia mikanda itatengenezwa na mtu mwingine, na kwamba wavuvi wamekubali kuiacha ile sehemu ya nyuma ya mwamba, bila kuvua, bila nyavu.

"Sasa tunapajua wanapozalia," alisema. Wala hakusema kwa kejeli. Alisema kwa uchovu tu, akainamia karatasi zake.

Siku boti ilipotakiwa kurudi kazini, Nahodha alipanda, akaketi nyuma, akashika kamba ya mashine. Hakuivuta.

"Fundo," aliita. Lilikuwa neno la kwanza tangu siku ile. "Naomba uangalie chini."

Wote wawili walijua hapakuwa na kitu. Fundo akaingia majini, akapitisha mikono chini ya boti, kutoka mbele mpaka nyuma, polepole, ubao kwa ubao. Akarudia upande wa pili.

"Washa," alisema.