Kufuli Chini ya Skana

Skana ilikoroma, krrr, krrr, ikanyamaza tena. Washington alichomoa waya, akauchomeka palepale. Mwanamume yule! Kusoma maelekezo ya mashine hawezi hata umkate.

"Kompyuta imeiona," alisema. "Lakini haziongei."

"Kama wewe na marehemu mama," shemeji yake Nelly akamchokoza kutoka mlangoni, chupa ya chai yenye maji ya moto kwapani, kibuyu cha yerba, yale majani ya chai ya kwao, mkononi.

Zulma, mke wa Washington, alikuwa ameketi kitandani, hana hata nguvu ya kucheka. Dada yake alikuwa anaondoka na basi la saa kumi kwenda Montevideo, na picha ya mama yao inaondoka naye. Ndiyo picha pekee mama aliyowahi kupigwa, ndogo kama kiberiti, kavaa kofia kando ya ng'ombe. Kabla hajafa alisema iende kwa kifungua mimba. Miaka yote Zulma ndiye aliyemgeuza mama kitandani, akamwogesha, akamlisha mchuzi kwa kijiko. Nelly alikuwa akipiga simu kila Krismasi. Zulma hakubisha, aliomba nakala tu, asije akausahau uso wa mama yake.

"Niachie mpaka Jumapili, dada."

"Nikikuachia siioni tena. Nakujua."

"Unanijua wapi wewe?" Hakulisema kwa hasira. Hasira nayo inataka nguvu.

Nje teksi ikapiga honi.

"Mara moja tu, shemeji," Washington akaomba. Krrr. Krrr.

"Basi," Zulma akasema. Akaitoa picha kwenye kioo, akampa Nelly, kisha akaibeba skana airudishe kwenye boksi. Kuiinamisha, akaona chini yake kibandiko chekundu chenye mchoro wa kufuli, na kando yake swichi ndogo.

"Washington."

"Naam."

"Ulipoileta kutoka Rivera, uliifungua hii kufuli?"

"Kufuli gani?"

Loo! Kumbe mashine ilikuwa imefungwa isitikisike njiani, na wao wanaitukana tangu asubuhi. Nelly alicheka hadi maji ya yerba yakammwagikia. Zulma alipokwisha kuisukuma swichi, Nelly akairudisha picha mwenyewe kwenye kioo.

Safari hii mwanga ukatambaa. Kwenye kompyuta ikaja kofia, likaja paji la uso, yakaja macho, makubwa kuliko walivyowahi kuyaona. Nelly akaacha kucheka.

"Mbona alikuwa amechoka hivyo?"

"Alikuwa amechoka."

"Anafanana na wewe."

"Sifanani naye. Nimechoka tu, dada," Zulma akasema. "Nimechoka sana."

Hakuwahi kumwambia mtu neno hilo. Honi ikalia tena. Nelly akaweka chupa na kibuyu mezani, akamshika mdogo wake mikono, akaitazama ilivyochubuka kwa sabuni.

"Ya karatasi ibaki hapa. Mimi utanitumia hiyo nyingine."

"Lakini mama alisema..."

"Mama kanipa mimi. Yangu, nampa nimtakaye. Na usinibishie, teksi inaniacha."

Akatoka mbio, Washington nyuma yake na sanduku. Chupa ya chai akaisahau palepale mezani, yeye ambaye hata msalani huenda nayo. Zulma akajimiminia maji ya chupa hiyo kwenye kibuyu cha dada yake. Akanywa, akaanza kulia.