Bei ya Teo Siku ya Kufunga Dirisha

Kama ulitaka kumwona mtu mzima akiiogopa simu yake mwenyewe, ungeingia ofisini kwa Gus Wojtas alasiri ile. Gus alikuwa mkuu wa usajili wa klabu ya besiboli ya Buffalo, na dirisha la kuuziana wachezaji la ligi nzima lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili jioni. Chini uwanjani mechi ilikuwa ikiendelea. Huku juu watu walijazana mpaka mlangoni, mabawa ya kuku yamepoa kwenye sinia, na kila aliyeingia aliingia na maoni yake.

Tajiri wa klabu, Mama Vandersloot, alikuwa amepita asubuhi na tabasamu lake. "Gus, mkataba wa Teo unaisha msimu huu. Akituondokea bure, na wewe umfuate." Mama yule kutania hakukuzoea.

Teo Bracamonte ndiye mrushaji anayeletwa mwishoni kabisa, mechi ikishakaba watu koo. Portland, waliokuwa wanaunusa ubingwa, walimtaka kwa udi na uvumba. Buffalo, waliokuwa hawanusi kitu, walitaka kijana wa kesho. Gus alimtaka mmoja tu: Keshawn Tibbs, miaka kumi na tisa, anayedaka mipira kama mikono yake ina sumaku. Lyle Haskett, bosi wa Portland, hakutaka kumwachia. Alikuwa anatoa vijana wengine wawili.

"Wawili ni zaidi ya mmoja," alisema Hub Renfro, skauti mzee, mdomo umejaa kuku.

"Mbuzi wawili wenye kikohozi hawafanyi ng'ombe," akajibu Nedra Colby, mtu wa hesabu, bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Teo amebakiza miezi miwili ya kutumika. Tibbs, ukimpata leo, ni wako miaka sita. Lyle si mjinga."

"Hiyo kompyuta yako imewahi kuona uwanja mzima unasimama Teo akitoka?"

"Kompyuta haina macho, Hub. Wewe unayo, na ukatuletea lile galasa Lundquist."

Chumba kilicheka. Hub akachukua bawa jingine.

Simu ikalia, Gus akaiweka kwenye spika. Lyle. "Gus, Tibbs simtoi. Chukua wawili, au niende zangu kunywa kahawa."

"Kanywe," alisema Gus, akakata. Kisha akaisukuma simu mbali naye, kama kitu kinachouma.

Wakati huohuo mtu mmoja mlangoni akasema, "Jamani, angalieni runinga."

Kwenye benchi la Buffalo kocha alikuwa amemnong'oneza Teo jambo. Teo akainuka, akavua kofia, na mchezaji wa kwanza akamkumbatia. Akaja wa pili. Wakapanga foleni, wengine wanafuta macho. Sasa, katika mchezo huu, siku ya kufunga dirisha, mchezaji akikumbatiwa katikati ya mechi, kauzwa. Wakwe hujua, wauza soseji hujua, tangazo la klabu huja baadaye likiwa limechoka. Mtangazaji hakungoja. "Teo Bracamonte anaaga," akasema. "Nasikia anakwenda Salt Lake."

"Umemuuza?" Nedra aliuliza.

"Sijamuuza mtu."

Gus alipiga simu benchi, akajibiwa: mke wa Teo kashikwa na uchungu kabla ya siku zake, kijana anakimbia hospitali, wenzake wanamtakia heri. Gus akaegemea kiti. Hajapumua vizuri, Lyle huyo tena.

"Umempa Salt Lake!"

"Sijampa mtu, Lyle. Mkewe anajifungua."

"Anajifungua. Leo. Saa hii. Mimi nimezaliwa jana, si ndiyo?"

"Nakwambia ukweli, bwana. Nina chumba kizima cha mashahidi."

"Nimeona kwa macho yangu watu wanalia! Nani analia kwa sababu ya mtoto wa mwenzake?" Lyle alivuta pumzi. "Sikiliza. Kama hamjatuma karatasi ligi, rudi nyuma. Nakupa Tibbs."

Nedra akainua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Ukweli ni huohuo niliokwambia," Gus alisema polepole.

"Tibbs. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

Hub alikuwa ameshainua mikono kushangilia, Nedra akaishusha. "Bado. Teo ana miaka kumi ligi kuu, mitano ya mwisho hapa kwetu. Kwa sheria hauzwi mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo. Na wakala wake asubuhi alisema atafikiria."

Simu ya Teo ilikuwa imezimwa. Ya wakala iliita tu. Saa ya ukutani haikumhurumia mtu. Mwishowe Gus akaipata namba ya mama mkwe wa Teo.

"Gus gani?" akauliza Mama Eulalia. "Yule aliyetukalisha nyuma ya nguzo?"

"Ndiye, mama. Nisamehe. Naomba Teo, tafadhali."

"Teo kashika mikono ya mke wake. Mingine hana."

"Mama, nakuomba. Dakika moja."

Kukatokea mkwaruzo, mguno wa mwanamke, kisha sauti ya Teo, nyembamba. "Mzee Gus."

Gus, enzi akiwa skauti wa klabu nyingine, ndiye aliyemsajili Teo kule kwao Maracay, kijana ana miaka kumi na sita, akala maharage nyumbani kwa mama yake. Alijua neno moja lingetosha. Angesema *watanifukuza*, Teo angekubali kabla sentensi haijaisha. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Nedra alimtazama, akaitazama saa, akamtazama tena.

Gus akalimeza.

"Portland wanakutaka," alisema. "Uamuzi ni wako. Muulize Marisela."

Wakaanza kusemezana kwa Kispania, na Mama Eulalia akaingia katikati na sauti yake ya sokoni. Gus hakuelewa hata neno. Alielewa tu kwamba mtu mmoja anakataa. Hub aliacha kutafuna. Kisha Marisela mwenyewe akaishika simu, anahema kwa uchungu.

"Mzee Gus. Portland theluji inafika madirishani?"

"Hapana, binti yangu. Kule ni mvua."

"Mvua tu?"

"Mvua tu."

Maumivu yakampitia, wote ofisini wakashika pumzi naye. "Miaka mitano nafukua gari kwa koleo," akasema. "Mwaka huu wa mwisho, na tumbo. Aende. Lakini harushi mpira wa mtu mpaka huyu atoke."

"Nitamwambia Lyle mwenyewe."

Teo akarudi. "Umemsikia."

"Nahitaji kukusikia wewe."

"Ndiyo. Nimekubali."

Vidole vya Nedra vilikuwa vimeshaanza kukimbia, taarifa inakwenda ligi.

"Wametoa nini?" Teo akauliza.

"Keshawn Tibbs."

"Na nani?"

Gus aliyatazama mabawa ya kuku. "Peke yake."

"Yule mtoto? Peke yake?"

"Ni mzuri, Teo. Ungejua Lyle alivyomng'ang'ania..."

"Sawa, mzee. Sawa." Haikuwa sawa. Kisha Marisela akamwita, simu ikaangushwa mahali laini, ikabaki wazi.

Nedra akainua kidole gumba: ligi wamepokea. Ofisi ililipuka. Hub akamkumbatia Nedra mpaka miwani ikamtoka, na mtu akapaza sauti kwamba Mama Vandersloot yuko kwenye simu ya mezani, anacheka, anamtaka Gus.

"Mwambie asubiri," alisema Gus. Akatoka koridoni na simu yake sikioni, akaziba sikio la pili kwa kidole, akasimama pale akimngoja Teo arudi kwenye simu.