Siku Arobaini za Bibi Bok-sun

Bibi Bok-sun alikuwa akitumbukiza matofali ya soya ya kutengenezea mchuzi kwenye mitungi ya maji ya chumvi, huko juu kilimani Seoul, karani Pyo alipomletea barua ya kubomolewa nyumba. Bibi alimwambia kwamba soya haihamishwi kabla ya siku arobaini, inaoza, na mitungi hiyo ishirini ndiyo riziki yake. Pyo akaandika: siku arobaini. Bibi akagonga muhuri wake.

Kesho yake dunia ilianza kuzunguka mbio, chini ya mtaa ule tu. Mzunguko wa saa ishirini na nne ukawa unakwisha kwa saa sita. Jirani yake, Mwalimu Do, alipima kwa kivuli cha fimbo, akathibitisha. Watu walipika wali jua likichomoza, wakalala likitua, wakaamka kupika tena. Kule bondeni siku ilikuwa moja.

"Mama Yong-cheol, wiki hii nimepata Jumapili nne!" Mwalimu alimwambia Bibi, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Hongera. Soya yangu haijui Jumapili."

Siku ya kumi ya bondeni, Pyo alipanda na buldoza. "Bibi, arobaini zimetimia. Tumehesabu macheo ya huku juu."

"Siku arobaini ni za mwizi, mwanangu. Mimi nimeiba nini? Hebu onja!"

Pyo akaonja. "Kweli, haijaiva," alisema kwa adabu, akafuta mdomo, akampungia dereva mkono. Mitungi yote ishirini ilipasuliwa, maji ya chumvi yakashuka ngazi hadi barabarani. Laana iwashukie! Dunia nzima hii, iliona mtaa wa wanyonge tu wa kuukimbiza?

Bibi alipewa karatasi ya kuahidiwa chumba katika ghorofa jipya, atakachopata baada ya mwaka mmoja. Alilala jikoni kwa mkwewe miaka mitatu, huku wageni wakianika mashuka kwenye ghorofa lile. Ndipo akaenda ofisini kwa Pyo.

Mle ndani dunia ilikuwa ikizunguka polepole mno.

"Bibi, mbona haraka?" Pyo alishangaa. "Karatasi hii si nimekupa leo asubuhi?"

Bibi alitazama dirishani. Kweli, jua la ofisi lilikuwa halijafika saa nne. Alitukana kwa sauti, kisha akaenda kwenye benchi, kando ya mzee aliyebomolewa nyumba kabla Bibi hajaolewa.

"Keti, dada," mzee alisema, akimsogezea nafasi. "Wamesema vyumba vyetu ni mchana huu huu."