Migongo ya Bluu

Sina tabia ya kusifia wifi zangu. Ninao watatu, na wawili kati yao nikianza kuwasema hatutamaliza leo. Lakini Swaumu, mke wa mdogo wangu Nurdini, huyo nitamsifu mpaka sauti inikauke.

Ilikuwa sendofu ya mdogo wetu wa mwisho, Zamda, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Kama kawaida yetu, hata ukumbi haujapatikana, kamati ya sare ilikuwa imeshakaa. Mwenyekiti alikuwa shangazi yetu Mwanaidi, mwanamke wa Kondoa ambaye akitoa amri, wanaume wazima wanatafuta pa kukaa. Akachagua kitenge cha bluu chenye maua ya njano, kizuri kweli, bei yake kama kimeshushwa kutoka peponi. Kisha akatangaza kwamba asiyevaa sare haingii na familia.

Na kwetu, kuingia na familia ndiyo shughuli yenyewe. Mshereheshaji anawaita, muziki unapigwa, mnaingia mkicheza kutoka mlangoni mpaka mbele alipokaa bibi harusi, ukumbi mzima ukiwatazama. Ukikosekana hapo, watu watauliza miaka na miaka mna ugomvi gani na ndugu zenu.

Sasa Nurdini na Swaumu wana watoto wanne, na walikuwa wanajenga Miyuji, hapa Dodoma. Kuta zilikuwa zimefika juu, tofali za udongo, na pesa ya bati ilikuwa ndani ya kibubu. Mvua ilikuwa inakaribia. Ukuta wa namna ile ukinyeshewa bila paa, unarudi ulikotoka. Sare ya watu sita ingekula bati zote.

Nurdini akasema, "Basi tusiende. Tutasema mtoto anaumwa."

"Humwiti mwanangu mgonjwa naye ni mzima," Swaumu akamjibu. "Watoto wataingia na ndugu zao. Na bati tutanunua."

Nikamwuliza, "Wifi, kwa muujiza upi?"

"Jumamosi nisindikize Msalato mnadani."

Alikuwa amenunua yadi sita tu za kile kitenge. Alichana kipande chembamba, akajifunga mkononi, na mnadani akawa anakipeleka kwenye kila shuka ya mtumba yenye rangi ya bluu. Alipopata inayofanana, aliinyanyua kwenye jua atafute palipochakaa. Mimi jua lilikuwa linanichoma utosi, vumbi limejaa mdomoni, na nilishanuna. Yeye alirudisha shuka ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa upole, huku muuzaji akimtazama kama mkaguzi wa serikali. Tuliondoka na shuka mbili nzito, bila tundu hata moja.

Akashona mwenyewe, kwa cherehani ya mkono aliyopewa na mama yake. Mbele kitenge, nyuma shuka. Kwenye gauni la kila binti na shati la kila mvulana aliacha upindo mpana kwa ndani, mtoto akirefuka nguo nayo irefushwe. Vipande vya kitenge vilivyobaki hakuvitupa, alivishona utepe mwembamba, ukashuka katikati ya kila mgongo, kuanzia shingoni. Mshono ulinyooka mpaka nikaona aibu kwa niaba ya fundi wangu wa Ipagala niliyemlipa pesa nzima.

"Tukikaa katikati ya msafara, nani ataona migongo?" akaniambia.

Siku ilipofika, shangazi alisimama mlangoni mwa ukumbi akikagua watu. Alimgeuza binti mdogo wa Swaumu kwa bega.

"Hii nini?"

"Shikamoo shangazi," Swaumu akadakia. "Kitenge ni kilekile."

"Marahaba. Nakuuliza huku nyuma."

"Huku nyuma, shangazi, ni bati za nyumba ya wajukuu zako."

Shangazi alimtazama Swaumu, akawatazama watoto waliojipanga wamepakwa mafuta wanang'aa, nadhani moyo ukamlegea kidogo. Lakini amri ni amri. "Haya, ingieni. Ila mkae mwisho kabisa, mkajifiche huko."

Yeye aliyeongoza sendofu zote za ukoo hakufikiria jambo moja dogo. Wa mwisho hana mtu nyuma yake. Tulipoingia tukicheza, vitenge vyetu sisi wa mbele vilimezana, huwezi kujua mikono ya nani na kiuno cha nani. Kisha wakapita wale sita, na ukumbi mzima ukabaki na migongo yao tu: bluu safi, na ule utepe wa maua ukicheza pamoja nao.

"Mama, wanatuangalia nyuma," nilimsikia mtoto akisema hatua chache nyuma yangu.

"Waache. Wewe cheza."

Swaumu alicheza kichwa juu, machozi yakimtoka, na mimi nikalia pale pale katikati ya ngoma. Kigelegele cha kwanza kilitoka meza ya wakwe wa Zamda. Mama mmoja akainuka kabisa, akauliza kwa sauti ile familia ya mwisho imeshonewa wapi, maana hajawahi kuona sare iliyofikiriwa namna ile.

Shangazi Mwanaidi akawahi kujibu. "Huyo ni mkwe wangu," akasema, amejaa kifua. "Mimi ndiye niliyemwambia ashone hivyo."

Damu ilinipanda. Nilifungua mdomo nimuumbue shangazi yangu hadharani, liwalo na liwe, Swaumu akanishika mkono.

"Mwachie, wifi," akaninong'oneza huku akijifuta macho. "Mimi wanangu wameingia, na Jumatatu tunaezeka."