Funga Hospitali

Zefania alikuwa na kifafa tangu utotoni, lakini vidonge vya zahanati vilimtuliza miaka mingi, hata majirani kule Ikungi wakaanza kusahau kwamba anaumwa. Alilima alizeti, alichunga ng'ombe, alicheka kwa sauti. Kisha siku moja akarudi kutoka mnadani Mkiwa na chupa ya maji ya kahawia. Dada yake, Dina, akamuuliza ni nini.

"Inaitwa Funga Hospitali," alisema. "Ukishaianza, vidonge unaacha. Jina lenyewe linakwambia."

Dina alibishana naye mpaka akachoka. Mama yao alikuwa upande wa Zefania. Jina lilimpendeza, alilitamka kama mtu anayemtaja mgeni aliyemngoja siku nyingi. Vidonge vikatupwa chooni.

Haukupita muda mrefu, kifafa kikamwangusha jikoni, uso kwenye mafiga, sufuria ya maji ya ugali ikammwagikia mgongoni. Hakukuwa na mtu nyumbani. Dina alipofika kutoka kisimani, moto ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Alimvuta kwa miguu, na ngozi ikabaki kwenye mawe.

Baada ya matanga Dina alikwenda mnadani kununua mpini wa jembe. Alikuwa ameshauweka begani aliposikia spika.

"Mwarobaini unatibu arobaini," ilisema sauti. "Hii yangu haina hesabu. Sukari, presha, kifafa, ugumba, mikosi. Wagogo wanaiita Maliza Yote. Wasukuma wanaiita Baba wa Dawa. Mimi naiita Funga Hospitali."

Msemaji alikuwa mwanaume mwembamba, jina lake Alphonce, amesimama juu ya meza na koti jeupe kama la daktari. Dina alipita katikati ya watu bila kumsukuma yeyote. Hakuwa amepanga kitu. Aliuinua mpini, akamtandika nao mdomoni.

Alphonce alianguka juu ya chupa zake. Meno mawili yalibaki kifuani pake, juu ya koti. Dina akampiga tena, begani, mbavuni, mpini ukalia juu ya mfupa.

"Litaje tena hilo jina," alimwambia. "Litaje."

Alphonce alifungua mdomo, ikatoka damu tu.

Ndipo mtu mmoja huko nyuma, ambaye hakuona chochote, akasema, "Mwizi."

Neno hilo likakimbia toka kwa wauza mbuzi mpaka kwa wauza mitumba. Wakaja vijana na fimbo za kuswagia ng'ombe, na hakuna aliyeuliza ameiba nini. Zikamshukia Alphonce fimbo, kisha mawe. Mmoja mwenye buti alimkanyaga mkono mpaka vidole vikapinda kinyume. Mtu akaburuta tairi kuukuu. Mwingine akaenda kufyonza petroli kwenye bodaboda.

Dina alirudi nyuma. Alimwona Alphonce amejikunja chini, akimwita mama yake. Harufu ya petroli ilipomfikia, aliona mafiga ya nyumbani kwao. Akaokota maikrofoni.

"Huyu si mwizi," alisema. "Mimi ndiye niliyempiga. Dawa yake imemuua kaka yangu. Kaka yangu aliungua. Sitaki kuona mwingine anaungua."

Wachache walisimama. Wengine hawakusikia, au hawakutaka kusikia. Basi Dina akamlalia Alphonce ili kumkinga. Fimbo ikamvunja mkono juu ya kiwiko, jiwe likampasua paji la uso, naye hakuondoka mpaka polisi walipofyatua risasi hewani.

Alphonce alipona, kwa kiasi. Taya lilifungwa waya, jicho moja halikuona tena. Alifungwa kwa kuuza dawa bila kibali. Dina alipewa kifungo cha nje kwa kumjeruhi, na hakukata rufaa.

Mama yake hakusema naye wiki nyingi. Kisha asubuhi moja, akipepeta mtama, akauliza bila kuinua macho.

"Kwa nini ulimlalia? Ungewaacha tu."

"Alikuwa anamwita mama yake."

Mama aliendelea kupepeta. Mara ungo ukamponyoka, mtama ukamwagika uani, naye akaanza kumlilia Zefania kwa sauti, mara ya kwanza tangu wamzike. Dina akaketi chini kwenye mtama uliomwagika, akamshika kwa ule mkono wake mzima.