Dude Linalotafuna Masale

Siku ile mjinga alikuwa Filemon, na mwenyewe huwa wa kwanza kukiri. Mtu ameandika vibao vya saluni na bucha Majengo miaka ishirini, leo anaitwa mlimani kuamua kesi ya picha! Kichwa kikamvimba kama andazi.

Picha ilikuwa ya Elisifa, binti aliyemfundisha mwenyewe kushika brashi. Jumamosi ilikuwa itundikwe kwenye maonyesho mjini. Lakini baba yake mdogo, mzee Eliufoo, alishawasha moto uani: ni uchawi, iungue, ukoo mzima ushuhudie.

Kutisha ilitisha, aisee. Migomba myeusi, Kibo haina hata chembe ya theluji, anga kama damu iliyoganda. Katikati dude lenye pembe na midomo saba linang'oa masale na kuyatafuna. Nyuma yake kasimama mwanamke asiye na mdomo.

"Haya fundi, tusomee," mzee akaamuru.

Filemon akakohoa kama mchungaji. "Rangi hizi ni za hasira. Na isale ndilo jani la kuombea msamaha, nani hajui? Ukichora linatafunwa, umesema msamaha hutaki. Binti ana kinyongo."

"Mmesikia!" Mzee akainyakua picha.

"Kaka Filemon!" Elisifa akasogea mbele. "Ulinifundisha nitazame kwanza. Wewe leo umetazama nini? Isale la msamaha hushikwa mkononi. Haya yamesimamaje?"

Filemon akatazama. Yalikuwa mstari mmoja, toka mgombani hadi mferejini, kama yapandwavyo mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la urithi. Nusu yake ilibaki mashimo. Akageuza shingo. Kwenye kihamba cha marehemu baba yake Elisifa, mashimo yaleyale, udongo bado mbichi. Masale mapya, kutoka upande wa shamba la mzee, yamechomekwa hatua kumi ndani. Na mjane wa marehemu ameketi pembeni, tangu asubuhi hajapewa nafasi ya kusema neno.

Filemon akamshika mzee mkono. "Mzee, weka picha chini! Nimesoma kama kipofu. Mtoto amechora mpaka wa baba yake, na wewe unataka kuufuta mara ya pili?"

Mzee akamgeukia Elisifa, macho yamemtoka. "Kwa hiyo hilo dude ni mimi?"

"Baba mdogo, tuko watu kumi na wanne hapa, na wote tumeitazama. Aliyeuliza hivyo ni wewe peke yako."