Uso wa Cirhuza

Mwaka mzima Fidès alivaa nguo nyeusi, na leo ndiyo siku ya kuzivua. Uwanja wao katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ulijaa wanakwaya, majirani, na wale ambao hawakualikwa ila walisikia kuna mbuzi. Baada ya kula, wakwe wangeamua: Fidès abaki huru na watoto wake, au arithiwe na shemeji yake Bisimwa. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Fidès mwenyewe alimwambia mtu mmoja tu, fundi Kabibi: "Afadhali nirudi vitani kuliko kuolewa na ule mutu."

Kabibi ndiye aliyeshona gauni la siku hiyo. Picha ya mume marehemu, Cirhuza, ilichapwa kwa kompyuta kule mjini Lilongwe, mtaa wa Area 47, juu ya kitambaa kinachovutika kama cha jezi. Kabibi ni fundi wa kitenge. Hiki kilimteleza mkononi kama samaki mbichi. Akauliza wenzake sokoni. "Iko inavutika, we punguza tu!" wakamwambia. Akapunguza, akapunguza tena. Juu ya meza Cirhuza alitokea vizuri, mashavu yameingia ndani, vilevile alivyokuwa.

Sasa Fidès akatoka nyumbani na gauni mwilini.

Vigelegele vikaanza, vikakatika katikati.

Kifua cha Fidès si cha mchezo. Kitambaa kilivutwa kushoto na kulia, na uso wa Cirhuza ukavutwa nacho. Mashavu yakajaa. Pua ikalala. Shingo ikapotea kabisa. Aliyekuwa akiwatazama watu kutoka pale kifuani alikuwa Bisimwa, Bisimwa mzima, ambaye wakati uleule ameketi mstari wa mbele anatafuna nyama.

"Yesu wangu!" mtu akasema.

Mama Pascaline, mzazi wa marehemu, alisimama. "Munaona? Mutoto wangu amesema mwenyewe! Uso wake amemupa ndugu yake. Tunakaa kikao cha nini tena?"

"Njo vile!" wazee wawili wakaitikia. Bisimwa akajifuta midomo kama bwana harusi.

Fidès hakulia. Alimtazama Kabibi tu, na Kabibi akautazama umati. Wateja wake wote walikuwa pale, pamoja na maharusi wawili wa mwezi ujao.

"Ni mi!" akapiga kelele. "Nimekata vibaya! Marehemu hajasema kitu, ni makasi yangu!"

"Nyamaza, fundi," mzee mmoja akamkemea. "Usiingilie mambo ya Mungu."

Kabibi akamvuta Fidès ndani, akamvua gauni, akamwita Orpa wa kwaya, mwembamba kama ufito, akamvalisha lile gauni, akamsukuma nje. Kifuani pa Orpa, Cirhuza alikuwa amerudi: mashavu ndani, shingo ndefu, yuleyule.

Mama Pascaline alisogea, akaligusa shavu la picha kwa kidole, akaweka mikono kichwani.

"Mama," Fidès akasema kutoka mlangoni, amejifunga kitenge cha kuazima, "uniulize mi. Mi njo niko na mudomo. Bisimwa, simutaki."

Mjane kusema hivyo mbele ya wakwe!

Mama Pascaline hakumgeukia. Macho yake yalikuwa bado kifuani pa Orpa.

"Basi, ubaki na batoto bako," akasema polepole. "Lakini Orpa asivue kwanza. Acha nimuangalie mutoto wangu kidogo."